Bi Verlene na Chupa ya Kingamwili

Bi Verlene Stancil alidhani klampu ndiyo mbovu.

Alikuwa amesimama mbele ya mashine yake ya kuchujia, amevaa ovaroli jeupe lililomfunika hadi kichwani, glavu juu ya glavu, miwani ya plastiki imembana pua. Bomba la kurudishia maji kwenye tangi lilikuwa bado halijafungwa. Akaiweka klampu, kile kibanio cha chuma cha kufungia bomba, akabana kwa kidole gumba, klampu ikakataa. Akabana tena. Akaitupa ndooni, akachukua nyingine. Nayo ikakataa.

"Jarvis, wametuletea klampu za aina gani hizi?"

Jarvis Beasley, mwenzake wa zamu, alikuwa jitu la miraba minne lililocheza mpira wa Kimarekani ujanani hadi goti likasalimu amri. Aliiokota ile klampu ya kwanza, akaifunga kwa vidole viwili.

"Nzima hii, Bi Verlene. Labda aliyelegea ni wewe. Jana ulikesha wapi?"

"Nilikesha na mama yako, tukikusengenya."

Wakacheka, Jarvis akamfungia na zilizobaki, pampu ikawashwa.

Kiwanda chao kilikuwa kando ya barabara kuu itokayo Raleigh kuelekea mashariki, mahali palipokuwa mashamba ya tumbaku zamani. Kilipokea plazma, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishatolewa chembe zake. Ilifika imegandishwa kama barafu, ikayeyushwa, ikapitishwa chumba hadi chumba, na ilipofika kwa Bi Verlene ilikuwa imekwisha kutengwa vitu vingi, zimebaki kingamwili, zile protini za kupigana na maradhi, zikielea ndani ya maji mengi mno. Kazi yake ilikuwa kuyapunguza maji hayo bila kuzijeruhi. Huwezi kuchemsha, maana protini hugeuka kama ute wa yai kwenye kikaango. Kwa hiyo pampu iliyapitisha maji juu ya tando nyembamba zilizopangwa kama kurasa na kubanwa katikati ya vyuma viwili. Tando zilikuwa na vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji na chumvi vilipenya, vikaenda zao. Kingamwili, kwa ukubwa wake, zilishindwa kupita, zikarudi tangini, zikazungushwa tena na tena, hadi tangi lililojaa asubuhi likabaki na kiasi cha kubebwa na watu wawili.

Ufundi wake ulikuwa kutokuwa na pupa. Ukikandamiza sana, protini hujazana juu ya utando na kuuziba. Tangi likipungua kupita kiasi, pampu huvuta hewa, povu likapanda, na protini zikisukwasukwa ndani ya povu hujikunja na kushikamana. Hapo maji huingia ukungu, na mzigo wote humwagwa. Bi Verlene aliwahi kuuona ukungu huo mara moja tu, baada ya vali kukwama. Siku ile alirudi nyumbani akakaa mbele ya sahani ya nyama ya nguruwe na sukuma wiki bila kugusa kitu, hadi mumewe akauliza kama kuna msiba.

Hakuzaliwa katika mambo haya. Alizaliwa karibu na Kenly, akakua akichuma majani ya tumbaku kwenye shamba la babu yake. Alipoolewa na Odell, fundi wa viyoyozi, alikuwa kwenye kiwanda cha soksi, akishona vidole vya soksi hadi siku walipokuta mlango umetiwa mnyororo. Alirudi darasani katika chuo cha wilaya, mama mzima amekaa na watoto wa kuwazaa, akajifunza mambo ya seli na protini. Mama yake aliposikia kazi yenyewe inahusu damu za watu, alishika kifua. "Verlene! Damu? Na mikono hiyohiyo unakuja kunikandia unga?" Tangu siku hiyo, kila Verlene alipomtembelea, mama alimpeleka kwanza kwenye sinki na kumsimamia anawe kama daktari wa upasuaji. Bi Verlene mwenyewe hakuwahi kuiita damu. Aliita "mzigo". "Mzigo wa leo mzito." "Mzigo umetoka safi."

Basi asubuhi ile mzigo ulikuwa unazunguka vizuri. Tangu juzi yake miguu ilikuwa ikimchonyota, kana kwamba mchanga umeingia kwenye soksi, naye akavilaumu viatu vipya. Aliinama kusoma geji ya mkandamizo iliyokuwa chini, karibu na sakafu. Magoti yakakunjika. Hakuteleza, hakujikwaa, hayo magoti yaliondoka tu, akajikuta ameketi chini, mgongo kwenye mguu wa tangi.

"Usikae chini, Bi Verlene, utachafua ovaroli," Jarvis alisema bila kugeuka.

"Siwezi kuinuka."

"Hebu acha mzaha. Mkandamizo unapanda."

"Punguza pampu basi! Taratibu, usiizime ghafla. Jarvis, nakwambia siwezi kuinuka. Miguu haipo."

Jarvis aligeuka. Aliitazama miguu ya Bi Verlene, iliyokuwepo, imenyooka mbele yake ndani ya viatu vyeupe, kisha akamtazama usoni, na kicheko alichokuwa nacho mdomoni kikamfia. Alipunguza pampu, akabonyeza kengele ya ukutani, kisha akapiga magoti akamshika mabegani kama anayeogopa atayeyuka.

Hospitali kule Raleigh alipokewa na Dakta Feinberg, mwanamke mfupi mwenye kinyundo cha mpira mfukoni. Alimgonga goti la kulia. Halikuruka. La kushoto likabaki vilevile. Viwiko navyo kimya. Alimkwaruza nyayo kwa ufunguo, akamwambia asukume, avute, akunje. Bi Verlene alikuwa akijituma kwa nguvu zote, jasho likimtoka, na vidole vya miguu vilimtazama kama vidole vya mtu mwingine. Odell alisimama kando ameshika kofia kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Majuma mawili matatu yaliyopita uliumwa?" daktari aliuliza. "Mafua? Tumbo?"

"Tumbo," alisema Bi Verlene. "Lilinisumbua vibaya. Likapona."

"Ulikula nini?"

"Kuku. Wa kuchoma."

"Aliiva?"

Bi Verlene alifungua mdomo ajibu, kisha akakumbuka nani alikuwa ameshika koleo. Jiko la mkaa lile ndilo fahari ya Odell. Watu wa kanisa walikuwa wakimsifia kuku wake tangu enzi za mchungaji aliyepita. Na Jumapili ile, ni kweli, nyama ya paja lake ilikuwa na uwekundu karibu na mfupa, naye akaila kwa sababu Odell alikuwa akimtazama akisubiri sifa.

"Aliiva," alisema.

"Hakuiva," alisema Odell. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Nilikuwa nazungumza na watu. Nilimtoa mapema. Dakta, ni kuku?"

"Sijui kwa hakika. Kuna kijidudu cha kwenye kuku ambaye hakuiva, na mara nyingine mwili ukishakishinda unapotea njia, kingamwili zinaanza kushambulia mishipa ya fahamu. Hilo ndilo ninalodhani limempata mkeo. Inaanzia miguuni, inapanda."

"Inapanda hadi wapi?" Bi Verlene aliuliza.

Daktari alikirudisha kinyundo mfukoni kwanza.

"Hadi kwenye misuli ya kupumulia, kwa baadhi ya watu," alisema hatimaye. "Tutakuwa tunakupima pumzi."

Walimchoma sindano ya uti wa mgongo, wakavuta maji ya kupima. Majibu yaliporudi, daktari alimwambia kuwa maji yale yana protini nyingi kupita kiasi, na hiyo ni dalili ya ugonjwa. Bi Verlene alipasuka kwa kicheko ambacho hata yeye hakukitarajia. Maisha yake yote ya kiwandani alikuwa akihangaika ili protini izidi. Odell alidhani ugonjwa umefika kichwani.

Asubuhi iliyofuata hakuweza kushika kikombe. Jioni iliyopita alikuwa amekishika mwenyewe, akanywa chai ya barafu aliyoletewa na Odell, na sasa mkono ulikuwa umelala juu ya shuka kama samaki aliyetupwa ufukoni. Ndipo daktari akaja na njia mbili.

"Ya kwanza, tukuunganishe na mashine inayotoa damu yako, inachuja plazma kwenye utando, inaondoa hizo kingamwili mbaya, kisha inakurudishia chembe zako."

Bi Verlene alikodoa macho. "Mimi? Nizungushwe kwenye mashine?"

"Ni salama. Lakini mapigo na presha yako vinarukaruka, kwa hiyo sipendi. Ninapendelea ya pili. Kingamwili za watu wazima wenye afya, kwa dripu, siku kadhaa. Zinatuliza zile zako."

Bi Verlene aliitikia kwa kichwa. Alijua kabisa kingamwili zinatoka wapi, tena angeweza kuchora bomba kwa bomba. Hata hivyo maneno yale yalimpita kama habari za nchi ya mbali.

Nesi aliyeleta chupa aliitwa Marybeth Tart, mama mchangamfu aliyekuwa akimwita kila mgonjwa "mpenzi". Chupa zilikuwa za kioo, zina maji yaliyokaribia kukosa rangi, manjano kidogo sana kama chai iliyosahauliwa kutiwa majani. Marybeth aliinua ya kwanza, akaanza kuigeuzageuza.

"Usiitikise!"

Sauti ilitoka kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. Marybeth aliganda, chupa iko hewani.

"Samahani, mpenzi. Nilikuwa nasoma tu karatasi ya nyuma."

"Usiitikise. Itafanya povu. Inyanyue kwenye mwanga. Juu zaidi. Mbele ya kitu cheusi sasa."

Marybeth aliishika mbele ya koti la Odell. Bi Verlene aliitazama muda mrefu. Hapakuwa na ukungu, hapakuwa na uzi wala kipande chochote. Maji yalikuwa safi kama alivyozoea kuyaona yakitoka kwenye mashine yake. Na hapo hapo akageuza uso ukutani.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?" Odell aliuliza.

"Hiyo. Sitaki iingie mwilini mwangu."

Odell alimtazama nesi, akaitazama chupa, akamtazama mkewe. "Verlene. Miaka yote hii umenichosha masikio kwamba hamruhusu tone baya litoke pale. Ulikuwa unanidanganya?"

"Hapana. Ni kweli tupu."

"Ina kasoro hiyo?"

"Haina."

"Sasa?"

Bi Verlene alikuwa anatetemeka mdomo, sehemu pekee iliyokuwa bado inaweza kutetemeka. "Nimewahi kuiona ikiharibika, Odell. Nilikuwepo. Tuliimwaga, ndiyo, haikwenda popote. Lakini nimeiona ilivyo nyepesi kuharibika. Na ni ya watu. Ya maelfu ya watu, chupa moja hiyo. Nilikuwa sijafikiria kwamba inaingia kwa mtu."

"Ulidhani inaingia wapi, mke wangu?"

Bi Verlene aliirudia chupa kwa macho. Swali hilo ndilo lililomtia bumbuwazi kuliko miguu, kuliko mikono. Alikuwa amesimama mbele ya tangi lile kwa miaka, amelinda mzigo kama yai, amepanda cheo, amepewa hata fulana ya shukrani, na hakuwahi hata siku moja kumwona kichwani mwake mtu aliyelala kitandani na sindano mkononi. Alikuwa ameona geji tu.

Marybeth alimshikisha kifaa cha kupimia pumzi mdomoni. Bi Verlene alipuliza. Namba ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi. Odell aliiona, na Bi Verlene akaiona.

"Mama," Odell alisema, akapiga magoti kando ya kitanda ili uso wake uwe sawa na wa mkewe, "mimi sijui kitu kuhusu protini. Najua viyoyozi. Lakini watu pekee wa kiwandani ninaowaamini ni wewe na Jarvis, na Jarvis kwa shida. Kama wewe huifanya vizuri, basi hata aliyeitengeneza hii, awe wa kiwanda chenu au kingine, naye aliifanya vizuri. Tafadhali."

Bi Verlene alifumba macho.

"Waanze taratibu," alisema. "Mwambie aanze taratibu, asikimbize."

"Ndivyo tunavyoanza, mpenzi," alisema Marybeth. "Tone kwa tone."

Hakupona palepale. Ugonjwa ulikuwa na mwendo wake, na usiku wa pili baada ya chupa ya kwanza kifua kilichoka, wakampitishia mpira kooni na mashine ikaanza kumpumulia. Sasa hakuweza hata kusema. Alikuwa na akili timamu, anasikia kila kitu, anaona dari, na mwili wake ni kama nyumba iliyokatwa umeme wote isipokuwa taa moja. Aliongea kwa kope: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Siku ziliingia na kutoka, mpira ukahamishiwa kwenye tundu walilomtoboa shingoni. Jarvis alikuja, akakaa kwenye kiti kilicholalamika chini yake, akajaribu kutania, akashindwa, akafuta macho kwa kiganja kikubwa kama sahani. Wamama wa kanisa walileta pudini ya ndizi ambayo mgonjwa hakuweza kuila, wakaila wao.

Odell alikuja kila siku, na kila siku alisema jambo lilelile kabla ya kuondoka. "Nisamehe kwa yule kuku." Bi Verlene alipepesa mara moja, ndiyo. Odell alidhani ndiyo ile ni ya kukubali kwamba kosa ni lake. Akazidi kunyong'onyea. Siku moja alimwambia kwamba amelipeleka jiko lile jalalani. Bi Verlene alipepesa mara mbili, mara mbili, mara mbili tena, hadi machozi yakamtoka, na Odell akaita nesi akidhani kuna kitu kimeingia jichoni.

Walipoutoa mpira, koo lilikuwa limechubuka, akaambiwa asijilazimishe kusema. Alimwita Odell kwa macho. Odell akainamisha sikio.

"Kuku," alinong'ona, "alikuwa mtamu."

Odell aliangua kilio mbele ya Dakta Feinberg, mbele ya Marybeth, mbele ya fundi aliyekuja kubadilisha taa.

Nguvu zilirudi kwa kinyume na zilivyoondoka. Mabega kwanza, kisha viwiko, kisha mapaja, na miguu mwisho kabisa, ikiburuzwa kama watoto wasiotaka kwenda shule. Alijifunza kusimama kwenye vyuma viwili sambamba, mama wa miaka hamsini na kitu, akimtukana mtaalamu wa mazoezi kwa maneno ambayo asingeyasema kanisani. Alitembea na fremu, kisha na fimbo. Vidole vya mikono vilirudi nusu. Aliweza kufunga kifungo, ila hakukihisi. Kiwandani walimkaribisha, wakapiga makofi, na siku hiyo hiyo yeye mwenyewe alijaribu klampu mbele ya Jarvis. Alibana mara nyingi, klampu ikakataa. Jarvis safari hii hakutania, alimfungia tu.

Hakulia. Alihamishiwa kwenye chumba cha mafunzo, kufundisha wageni wa kazi. Huwapitisha kwenye tando, pampu, povu, kama vitabu vinavyotaka, ila kabla ya yote huwaonyesha kovu la shingoni mwake na kuwaambia mzigo huishia wapi. Wengine hutabasamu kwa adabu. Mmoja aliwahi kuzirai.

Mwaka huo, siku moja ya joto la kuyeyusha lami, alimwomba Odell ampeleke kwenye mji wa jirani, kwenye kituo cha kutolea plazma.

"Kufanya nini? Wewe hawawezi kukutoa plazma."

"Nipeleke tu, mzee. Nataka kuona."

Waliegesha gari mbele ya jengo refu la matofali, kati ya duka la matairi na mahali pa kufulia nguo. Watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja, kiwiko kimefungwa bendeji ya rangi kali. Msichana mwenye mkoba wa shule. Mzee mwenye kofia ya vita vya zamani. Mwanamke aliyembeba mtoto kwa mkono ambao haukufungwa. Bi Verlene alikuwa amewatazamia watu wa namna fulani, hajui namna gani, na hawa walikuwa kama foleni ya dukani tu. Alifungua mlango, akasimama na fimbo yake. Jamaa mmoja mwenye aproni ya duka la vyakula akamwona.

"Mama, uko salama? Gari limewagomea?"

"Niko salama. Nilikuwa nakutazama."

Jamaa aligeuka kuangalia nyuma yake. "Mimi?"

"Wewe. Unatoa plazma mara nyingi?"

"Mara mbili kwa wiki. Si kwa wema, mama, usinisifie. Wananilipa, nami nalipia mkopo wa gari."

"Nilikuwa naichuja," alisema Bi Verlene. "Kiwandani. Kisha nikaugua, nikawekewa."

Mdomo wa yule jamaa ulibaki wazi. "Yangu?"

"Hakuna ajuaye. Huchanganywa ya maelfu ya watu."

"Kwa hiyo huenda mimi nimo," alisema polepole, akimnyooshea kidole kifuani bila kujua, "humo?"

"Huenda."

"Jamani." Aliketi kwenye ukingo wa barabara, aproni ikikunjamana mapajani. "Jamani, jamani. Mimi nilidhani wanatengenezea vipodozi."

Alikaa pale hadi simu yake ikamkumbusha zamu. Aliinuka kwa haraka, akajipangusa, akanyoosha mkono kuaga. Bi Verlene aliupokea, ila hakuuhisi. Ilimbidi autazame kuhakikisha kwamba kweli ameushika, na kwamba hajaubana kupita kiasi. Kisha jamaa akakimbia kuelekea kwenye gari lake, akageuka mara mbili kumtazama.

"Amesemaje?" Odell aliuliza mkewe alipoingia garini.

"Amesema jamani."

Odell akawasha gari, wakarudi nyumbani.